Raha ya kusoma historia ya tiba: safari ndefu ya pakiti ya ORS



Ndugu msomaji, safu hii imezoea kukueleza namna ya kuchemsha maji, kusafisha choo na kumkinga mtoto na minyoo. Wiki hii, kwa idhini yako, tuzungumzie vitabu. Sikusudii vile vya "ugonjwa huu, dawa yake hii", ambavyo viko vingi kwenye meza za nje ya misikiti siku ya Ijumaa, na baadhi yake vina faida. Nakusudia vitabu vya historia ya tiba: vile vinavyosimulia dawa fulani ilipatikanaje, nani aliitafuta, nani aliipinga, na watu wangapi walikufa kabla haijakubaliwa.

Kuna raha kubwa katika kusoma vitabu hivi, na si raha ya matabibu peke yao. Kitabu kizuri cha aina hii kinasomeka kama hadithi ya mpelelezi, ila tofauti yake ni kwamba mambo yenyewe yalitokea kweli. Unamwona mtu amesimama mbele ya mgonjwa anayekufa, hajui la kufanya, vitabu vyake havimsaidii, wakubwa zake wanamwambia jambo ambalo macho yake hayalioni. Kisha anauliza swali dogo. Unageuza ukurasa kutaka kujua alijibiwa nini.

Tuliopita madrasa tuna sababu ya ziada ya kuvipenda. Tangu wadogo tulizoeshwa kwamba kauli haipokewi hivi hivi tu. Inaulizwa sanadi yake. Nani kasema? Kaipata kwa nani? Aliyemfikishia alikuwa mkweli, alikuwa na kumbukumbu nzuri? Lakini tukifika zahanati tunasahau malezi hayo. Tunaambiwa "kunywa hiki, acha kile", tunaitikia, na njiani tunarudi tulikuwa tunafanya nini. Ushauri usio na sanadi haukai moyoni. Historia ya tiba ndiyo sanadi ya ushauri wa afya.

Nitachukua mfano mmoja tu, kwa sababu kila nyumba inaujua: pakiti ya ORS, ile ya unga wa chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha. Katika kazi yangu nimesikia mara nyingi sana mama akiipokea pakiti hiyo na kuuliza, "Daktari, ndiyo hii tu?" Anataka sindano, au mtoto atundikiwe dripu, au angalau apewe antibaiotiki ya rangi mbili. Pakiti inaishia kabatini, na mtoto anarudishwa kesho yake macho yamezama. Si kwamba mama huyo hampendi mwanawe. Hajasimuliwa tu kile alichoshika mkononi.

Kisima cha mtaa wa Broad

Hadithi inaanza na kipindupindu. Kabla ya karne ya 19 ugonjwa huu ulijulikana zaidi huko Bengal; kuanzia mwaka 1817 ukatoka na kuzunguka dunia, kwa majahazi, kwa misafara na kwa majeshi. Ulipofika Ulaya, madaktari wengi waliamini kwamba unaletwa na hewa chafu inayonuka. Imani hiyo haikuwa ya kijinga: mitaa iliyokuwa ikinuka ndiyo iliyokuwa ikizika watu wengi.

John Snow, daktari wa London aliyezaliwa mwaka 1813 katika familia ya mfanyakazi wa kawaida, hakuridhika. Yeye ndiye aliyempa Malkia Victoria dawa ya kumpunguzia uchungu wakati wa kujifungua mwaka 1853, kwa hiyo alizijua hewa na namna zinavyoingia mwilini. Swali lake lilikuwa jepesi: kama sumu inavutwa kwa pua, kwa nini ugonjwa unaanzia tumboni?

Mwisho wa Agosti 1854 kipindupindu kiliripuka karibu na mtaa wa Broad, eneo la Soho. Ndani ya siku 10 hivi walikufa watu zaidi ya 500 katika eneo dogo ambalo unaweza kulizunguka kwa miguu kwa muda mfupi. Snow akaenda nyumba kwa nyumba, akiuliza swali moja: mlikuwa mkinywa maji ya wapi? Akaweka vifo kwenye ramani, na vifo vikakusanyika kuizunguka pampu moja ya maji.

Utamu wa kisa hiki uko katika yale yaliyoonekana kupinga hoja yake. Palikuwa na nyumba ya kulelea maskini yenye watu 535 katikati ya eneo lile, na waliokufa kwa kipindupindu walikuwa 5 tu. Mbona? Ilikuwa na kisima chake. Palikuwa na kiwanda cha pombe karibu kabisa na pampu, na wafanyakazi wake walisalimika. (Wapenda ulevi wasilifanye jambo hili kuwa dalili! Kiwanda nacho kilikuwa na kisima chake, na maji ya kutengenezea pombe hiyo huchemshwa.) Kisha palikuwa na bibi mjane aliyekufa Hampstead, mbali na Soho, mahali ambapo hapakuwa na mgonjwa mwingine. Snow alipouliza, akaambiwa kwamba bibi yule aliwahi kuishi mtaa wa Broad, alikuwa akiyapenda maji ya pale kwa ladha yake, na kila siku alikuwa akiletewa chupa kwa mkokoteni.

Tarehe 8 Septemba 1854 mpini wa pampu ukang'olewa. Vitabu vya shule huishia hapo kwa shangwe, lakini mwandishi mkweli anaendelea: wakati mpini unang'olewa, wagonjwa wapya walikuwa wameshapungua, kwani watu wengi walikuwa wamekufa au wamehama. Snow mwenyewe alilieleza hilo bila kuficha. Na bodi ya afya ya serikali, mwaka uliofuata, iliikataa hoja yake.

Aliyekamilisha ushahidi alikuwa mtu aliyekusudia kuuvunja. Henry Whitehead, kasisi kijana wa mtaa ule, aliona Snow amekosea, akaanza kuwahoji waumini wake aliowajua kwa majina ili kumsahihisha. Miezi ikapita, naye akazidi kuiona hoja ina nguvu. Mwishowe ni yeye aliyempata mgonjwa wa mwanzo: mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeanza kuharisha siku chache kabla ya mripuko. Mama yake alikuwa akiloweka nepi kwenye ndoo, kisha akimwaga maji yale kwenye shimo la maji machafu lililo mbele ya nyumba. Shimo lilipofukuliwa likaonekana kuta zake zimeoza, na umbali wake kutoka kisimani haukufika mita moja.

Mama unayesoma safu hii, hapo simama kidogo. Zaidi ya watu 500, na mwanzo wake ni maji ya nepi ya mtoto mmoja, yaliyomwagwa na mama aliyekuwa akifanya usafi. Mimi nimewahi kusoma maelekezo mengi kuhusu choo na kisima kuwa mbalimbali, lakini hakuna lililoniingia kama nepi za mtaa wa Broad. Anayetaka kisa kizima akisome katika kitabu cha Steven Johnson kiitwacho The Ghost Map, kilichotoka mwaka 2006. Kiingereza chake si kigumu kwa aliyemaliza sekondari.

Unguja nayo imo kitabuni

Msidhani kwamba historia hii ni ya Wazungu na miji yao. Kipindupindu kilipiga pwani yetu mara kadhaa katika karne ile ile, ikiwemo mwaka 1858 hadi 1859, na tena 1869 hadi 1870. Katika mripuko huo wa mwisho alikuwepo Unguja daktari wa Kiskoti, James Christie, tabibu wa Sultani. Maelfu ya watu walikufa mjini na mashambani. Baadaye Christie aliandika kitabu, Cholera Epidemics in East Africa, kilichochapishwa London mwaka 1876.

Ninakitaja kwa sababu ya namna alivyofanya kazi. Hakuwa na maabara ya kumwonesha kijidudu. Alikuwa na wafanyabiashara, manahodha na watu wa misafara ya bara, akakusanya habari zao: mlipita wapi, mliwakuta watu wanakufa mji gani, mwezi gani? Kwa habari hizo alichora njia ya ugonjwa kutoka kaskazini, kupitia nchi ya Wamaasai, hadi Pangani, na kutoka hapo kuvuka bahari kuingia Unguja. Yaani sehemu ya elimu iliyosomwa London ilitoka vinywani mwa watu wa pwani hii ambao majina yao wengi hatuyajui. Christie huyo huyo ndiye aliyeandika katika jarida la madaktari mwaka 1872 kuhusu homa ya kuvunja viungo, akaiita kwa jina alilolisikia kwa Waswahili, kidinga pepo. Leo tunaiita homa ya dengue, na wapo wataalamu wa lugha wanaodhani kwamba neno "dengue" lenyewe lina asili ya Kiswahili, ingawa wenzao wanapinga. Msomaji wa Kiswahili anapokutana na neno la bibi yake ndani ya jarida la 1872, raha yake haielezeki.

Wazo lililolala

Hadi hapa tumesema ugonjwa unaingiaje. Kumtibu aliyekwisha kuupata ni hadithi nyingine, na hii inaumiza.

Mwaka 1831 kijana wa miaka 22, William O'Shaughnessy, aliipima damu ya wagonjwa wa kipindupindu akakuta imepungukiwa maji na chumvi. Mwaka 1832 daktari Thomas Latta wa Leith, Uskoti, akalifanyia kazi: akaingiza maji ya chumvi kwenye mshipa wa bibi mzee aliyekuwa anakata roho. Akaendelea kuingiza hadi karibu lita 3. Bibi yule akafumbua macho, akapata joto, akasema anajisikia vizuri. Latta, kwa kuchoka, akamwacha chini ya uangalizi wa mwingine. Kuharisha kukarudi, maji hayakuongezwa, na baada ya saa chache bibi akafariki.

Latta naye alifariki mwaka uliofuata, na njia yake ikaachwa. Walioijaribu waliwapa walio mahututi tu, kwa maji yasiyo safi, mara moja wakaacha. Madaktari wakarudia walichokizoea, nacho kilikuwa kumtoa damu mgonjwa na kumpa dawa ya kuendesha. (Sizungumzii hijama ya mtu mwenye afya yake, nazungumzia kumpunguzia damu mtu ambaye mwili wake umekwisha kauka.) Dripu tunayoitukuza leo ilikuwepo mkononi mwaka 1832, ikalala hadi mwanzoni mwa karne ya 20, pale Leonard Rogers alipoitumia Calcutta na vifo vikapungua sana.

Lakini dripu inahitaji sindano safi, chupa safi, mtu aliyefundishwa. Kijijini hakuna. Je, maji hayo hayawezi kunywewa? Tatizo lilikuwa kwamba mgonjwa akinywa maji ya chumvi peke yake, yanapita tu, yanatoka. Daktari wa Calcutta, Hemendra Nath Chatterjee, alichapisha mwaka 1953 habari za wagonjwa aliowapa maji yenye chumvi na sukari ya glukosi wakapona. Wakubwa hawakumjali. Mwaka 1960 Robert Crane akaeleza siri yenyewe: katika ukuta wa utumbo kuna mlango ambao sukari na chumvi hupita pamoja. Chumvi inapoingia na sukari, maji huwafuata. Na mlango huo haufungwi na kipindupindu. Utumbo unamwaga maji upande mmoja, na mlango bado uko wazi upande wa pili.

Mwaka 1968 huko Dhaka, wakati ule Pakistan ya Mashariki, madaktari wawili wa Kimarekani ambao hawajafika miaka 30, David Nalin na Richard Cash, pamoja na wenzao wa pale akiwemo Rafiqul Islam, walithibitisha. Kitanda cha mgonjwa kilitobolewa tundu, chini ikawekwa ndoo, ili ijulikane amepoteza kiasi gani. Kisha akanyweshwa kiasi hicho hicho. Hilo ndilo jambo ambalo jaribio la awali kule Ufilipino lilikosa, na wagonjwa wakafa: kulinganisha kinachoingia na kinachotoka. Kwa njia hii haja ya dripu ilipungua kwa asilimia 80 hivi.

Dripu ya kunywa

Sasa tufike mwaka 1971. Vita vya kuzaliwa Bangladesh viliwakimbiza watu wapatao milioni 10 kuingia India. Mvua, matope, kambi zilizofurika, na kipindupindu ndani yake. Katika hospitali ndogo ya Bangaon, karibu na mpaka, daktari wa watoto Dilip Mahalanabis aliwakuta wagonjwa wamelala sakafuni juu ya uchafu wao, na karibu asilimia 30 walikuwa wakifa. Dripu zikaisha.

Kulikuwa na kanuni ya Dhaka na Calcutta, lakini ilikuwa imejaribiwa kwenye wodi zenye wataalamu. Je, mtu atamwachia jirani wa kambini amtibu mgonjwa wa kipindupindu kwa kikombe? Mahalanabis aliamua kuwaachia. Chumvi, glukosi na magadi yakapimwa Calcutta, yakatiwa kwenye mifuko ya plastiki, mifuko ikafungwa kwa pasi ya moto na kupelekwa kambini. Huko yakachanganywa kwenye mapipa yenye bomba. Kina mama, kina baba, kaka na dada wakateka na kuwanywesha wagonjwa wao kikombe baada ya kikombe. Katika wagonjwa zaidi ya 3,000 waliohudumiwa hivyo, waliokufa walishuka hadi asilimia 3.6.

Kuna kijambo ndani ya kisa hiki ninachokipenda kuliko takwimu. Wagonjwa waliijua na kuiheshimu dripu, waliiita "saline". Basi Mahalanabis na wenzake wakawaambia watu kwamba haya nayo ni saline, ila ni ya kunywa. Neno moja tu likaondoa dharau. Mahalanabis alifariki mwezi Oktoba 2022, na magazeti mengi duniani hayakumjua hata siku alipokufa. Jarida la madaktari la Lancet lilikuwa limekwisha andika mwaka 1978 kwamba ugunduzi huu huenda ukawa ndio mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne ile.

Chumvi ya vidole vitatu

Hapa ndipo vitabu vingi huishia: dawa imepatikana, makofi. Kilicho bora kuliko vyote nilivyosoma juu ya suala hili kinaanzia hapa. Ni A Simple Solution cha Mushtaque Chowdhury na Richard Cash yule yule, kilichotoka Dhaka mwaka 1996, nacho kinauliza: dawa imepatikana, sasa inafikaje jikoni?

Shirika la BRAC la Bangladesh, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed, lilianza mwaka 1980 kuwatuma wanawake wenye elimu ndogo tu ya shule kwenda nyumba kwa nyumba nchi nzima. Hawakubeba pakiti. Walibeba kipimo cha mkono: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, ukufi mmoja wa sukari guru, na maji kiasi cha nusu lita. Mwalimu hakuruhusiwa kumkorogea mama. Mama mwenyewe akoroge, aonje, arudie kwa kinywa chake mambo 10 aliyofundishwa.

Malipo ya mwalimu yalikuwa ya ajabu. Mkaguzi alirudi baadaye kwa baadhi ya kina mama, bila mwalimu kuwepo, akawauliza wanakumbuka nini na kuwaambia wakoroge. Mwalimu alilipwa kufuatana na kumbukumbu ya mama, hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizopita. Tufikirie semina zetu zingekuwaje kama mtoa mada angelipwa hivyo!

Hata hivyo, walipochunguza waligundua kwamba kina mama wanajua kukoroga, ila wengi hawatumii. Kwa nini? Wakaenda kuuliza, na majibu yalikuwa ya kufundisha. Kwanza, vijijini watu walikuwa na majina manne ya kuharisha, na dawa hii waliidhania ni ya aina moja tu, ile kali. Nyingine walizitafutia sababu nyingine. Nani kati yetu hajasikia "huyu anaharisha meno"? Mtoto anaota meno, basi kuharisha kunahesabiwa ni haki yake, hadi anakauka. Pili, waume hawakushirikishwa. Mgeni anaingia nyumbani na kumfundisha mke mambo ambayo mume hayajui. Mume anasema ni upuuzi, anakwenda duka la dawa. Ikabidi wanaume wafuatwe sokoni na misikitini. Tatu, na hili ndilo lililonichekesha na kunihuzunisha, walimu wenyewe hawakuiamini. Walipoulizwa wao wakiharisha hutumia nini, wengi walitaja vidonge. Wakapelekwa Dhaka kwenye kituo cha utafiti, wakaoneshwa mgonjwa anayeingia amelegea akinyweshwa hadi anakaa. Waliporudi vijijini walifundisha kwa sauti nyingine.

Kufikia mwaka 1990 walikuwa wamefika kwenye nyumba zaidi ya milioni 12. Leo Bangladesh ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kutumia maji haya mtoto anapoharisha. Na kwa dunia nzima, watoto wapatao milioni 5 chini ya miaka mitano walikuwa wakifa kwa kuharisha kila mwaka mnamo 1980. Sasa ni chini ya nusu milioni. Maji safi, chanjo na lishe vimechangia pia, lakini mchango wa kikombe kile ni mkubwa.

Jikoni kwetu

Kwa aliyefika hapa, maelekezo ninayotoa kila siku hayatakuwa amri tupu tena.

Koroga pakiti ya ORS kwenye maji safi na salama kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi ni lita 1, yote kwa pamoja. Usigawe unga kidogo kidogo. Yakipita saa 24, mwaga ukoroge mengine. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kwa kijiko, polepole. Titi asiachishwe, chakula asinyimwe. Kwa watoto ongeza vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ushauri huo mwaka 2004, sambamba na kanuni mpya ya ORS yenye chumvi na sukari kidogo kuliko ya zamani.

Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visivyo na kilima. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Chumvi ikizidi inadhuru.

Mtoto anayeshindwa kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au kuzama macho, au mwenye damu kwenye choo, huyo apelekwe hospitali mara moja, huku akinyweshwa njiani. Vivyo hivyo mtu mzima anayeharisha maji mengi kama ya mchele.

Na ukifika, itaje pakiti wewe mwenyewe. Utafiti uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2024 ulionesha kwamba sababu kubwa ya watoa huduma kutokutoa ORS, kubwa kuliko kuishiwa na pakiti au kutafuta faida, ni kudhani kwamba wagonjwa hawaitaki. Mzazi aliposema anaitaka, alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupewa. Kwa hiyo tabibu anamdhania mama, mama anamdhania tabibu, na katikati yupo mtoto.

Vinapatikana wapi?

Kitabu cha Christie, kwa kuwa ni cha zamani, kinasomwa bure kwenye intaneti. Vya sasa ulizeni maktaba, hasa za vyuo vya afya na vyuo vikuu, au kwa kijana anayesoma ng'ambo anayerudi likizo. Anayejua Kiingereza awasimulie wengine baada ya Isha. Watoto hupenda sana kisa cha pampu. Mnaposoma, muwe na shaka ya heshima. Mwandishi anayempa shujaa mmoja sifa zote, bila kumtaja Chatterjee wala yule bibi wa Leith, amefupisha sanadi.

Tukijaaliwa, wiki ijayo tutachukua ndui. Tutaanza na Abu Bakr al-Razi, aliyeandika zaidi ya miaka 1,000 iliyopita namna ya kuutofautisha na surua, na tutaishia Merca, Somalia, Oktoba 1977, kwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali aliyekuwa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Aliishi hadi mwaka 2013, akizunguka na timu za chanjo ya polio na kuwaambia wazazi wa Kisomali kwamba yeye aliikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu ya sindano.